Hapana Mbili Nilizosema Kwenye Meza ya Chanjo

"Una mzio wa mayai?"

"Hapana."

"Una mimba? Unanyonyesha?"

"Hapana."

"Unaumwa chochote leo?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, dada."

Nesi aliandika bila kuinua kichwa. Akafungua kisanduku cha baridi, akatoa kichupa, akavuta dawa kidogo, nusu mililita tu. Akanibana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, sindano ikapita juu juu chini ya ngozi. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeelekeza akili yote kwenye mdomo wangu, nisije nikaufungua sana.

Upande wa kushoto, chini, pale lilipokuwa gego langu la mwisho, palikuwa na shimo la siku mbili. Kwenye pochi nilikuwa na bahasha tatu za khaki zenye mwandiko wa daktari wa meno: amoksilini, Flagyl na parasetamoli, kila moja imeandikwa 1 x 3.

Hapana mbili za mwisho zilikuwa uongo.

Harusi iliyonifanya niseme uongo ule imepita. Shimo limeziba, ulimi umeshazoea pengo. Lakini wiki zinakwenda na bado naisikia sauti yangu ikisema "hapana, dada" kwa upole kabisa, kwa mtu aliyekuwa ananiuliza kwa ajili yangu mwenyewe.

Tarehe zisizosogea

Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa Lubumbashi, Jumamosi tarehe 21 mwezi wa sita. Mimi ni mama mdogo wake. Nilimbeba mgongoni kabla wazazi wake hawajahamia kule, na dada yangu alinipigia akasema jambo moja tu: "Usipokuja, nani atakaa upande wetu?"

Kutoka Mbeya njia ni ile ya malori: Tunduma, unaivuka Zambia hadi Copperbelt, kisha Kasumbalesa, halafu kilomita kama 90 unaingia Lubumbashi. Wanaoipita wanajua kwamba mpaka wa Kongo unaulizia kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kongo inaidai kwa kila msafiri kuanzia mtoto wa miezi 9, na sioni kama ni ukali usio na sababu. Mwaka 2016 homa ya manjano ilivuka kutoka Angola hadi Kongo, na dozi zikawa chache kiasi kwamba Kinshasa watu walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi ya kawaida ili itoshe.

Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, haiishi tena kwa miaka 10 kama zamani. Mimi sikuwahi kuwa nayo. Na kadi haianzi kazi siku unayochanjwa, inaanza baada ya siku 10.

Nilikuwa nimepanga kuchanjwa mwezi wa tano. Lakini gego lilianza kuuma, nikawa mtu wa jino tu. Maji ya chumvi, karafuu, dawa za kutuliza maumivu za dukani. Wiki mbili zikapotea hivyo. Jumanne tarehe 3 daktari akaling'oa, tena kwa shida maana lilikatika, akalitoa vipande viwili. Nilitoka nimeng'ata pamba, nusu ya uso haipo.

Kituo nilichokuwa naenda kinachanja homa ya manjano Alhamisi tu. Nilielezwa kwamba chupa moja ni ya watu 10, na ikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 kinatupwa. Kwa hiyo wanasubiri watu wajikusanye.

Alhamisi tarehe 5, ukiongeza siku 10, ni tarehe 15. Nafika kwa nafasi.

Alhamisi tarehe 12, ukiongeza siku 10, ni tarehe 22.

Siku moja baada ya harusi.

Benchi

Nilipofika asubuhi ile nia yangu ilikuwa safi. Nilikuwa nimepanga kumwambia nesi: juzi nimeng'oa jino, natumia dawa hizi, je, naweza kuchanjwa? Hata bahasha nilizibeba kwa sababu hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni benchi.

Mbele yangu alikaa mama wa makamo, amejifunika kitenge cha pili mabegani kwa ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita. Aliniona nikijifuta pembeni ya mdomo kwa leso.

"Mwanangu, umeng'oa jino?"

"Juzi, mama."

"Basi leo usichanjwe. Ganzi ya jino na chanjo vikikutana kwenye damu, moyo haubebi. Kaa wiki mbili kwanza."

Alisema kwa huruma, si kwa ubishi. Nyuma yetu alikaa kijana, utingo wa lori kwa jinsi alivyojieleza, shavu la kulia limevimba hadi jicho linafinyika. Alisogea mbele.

"Na mimi jino linanisumbua, mama. Ila sijang'oa bado."

"Wewe ndiyo kabisa. Nenda nyumbani ukapumzike, mwanangu."

Akainuka. Alisimama kidogo mlangoni, kama anayesubiri mtu mwingine amwambie vinginevyo, kisha akaondoka.

Mimi nilibaki. Hapo ndipo mawazo yalipogeuka. Nilijiambia: kama mama huyu wa kwenye benchi anajua, nesi anajua zaidi, na nikimweleza atanirudisha. Tarehe 22 ikanijia usoni. Nikazikunja zile bahasha na kuzisukuma chini kabisa ya pochi, chini ya leso na chaja ya simu.

Kinachoniuma ni mpangilio wa imani yangu. Niliyaamini maneno ya mama kiasi cha kuogopa, lakini si kiasi cha kuondoka. Nilikubali kwamba moyo wangu huenda usibebe, nikakaa vile vile.

Jumapili, saa nane usiku

Ijumaa na Jumamosi nilikuwa mzima. Mkono uliwasha kidogo pale pa sindano, basi. Nikaanza kujipongeza.

Jumamosi jioni nilimeza parasetamoli ya mwisho. Jumapili mchana kichwa kikaanza kugonga. Usiku, saa nane, niliamka natetemeka chini ya mablanketi mawili, na hata kwa baridi ya Mbeya nilijua huku si kutetemeka kwa baridi. Kipimajoto kikasema nyuzi 38.4.

Nilikaa kitandani nikijiuliza homa hii ni ya nani.

Inaweza kuwa ya chanjo. Ile ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, uzao wa kirusi kilichochukuliwa mwaka 1927 kutoka kwa Mghana aliyeitwa Asibi. Max Theiler ndiye aliyefanikiwa kukidhoofisha, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kwa kuwa ni hai, kikiingia kinaongezeka kidogo mwilini kabla kinga haijakimaliza, na siku kadhaa baadaye baadhi ya watu hupata homa ndogo, kichwa na maumivu ya viungo. Mimi nilikuwa siku ya tatu.

Inaweza kuwa ya jino. Siku ya tano baada ya kung'oa, jino lililotoka vipande viwili. Usaha unaweza kuanza, na maambukizi ya magego ya chini yana tabia ya kushuka chini ya ulimi na shingoni, yakibana njia ya hewa. Hilo si la kusubiri asubuhi.

Na inaweza kuwa malaria, maana hapa kwetu homa yoyote inaanzia kuulizwa huko.

Niliwasha tochi ya simu nikasimama mbele ya kioo cha bafuni, nimefungua mdomo kadiri nilivyoweza. Tundu lilikuwa na damu iliyoganda, rangi ya ini, pembeni ufizi umeanza kuwa mweupe. Nilibonyeza shingo, chini ya taya, chini ya kidevu. Nilinusa pumzi yangu kwenye kiganja. Nikameza mate mara tatu kuona kama koo linapita. Sikujua ninachotafuta. Nilikuwa natafuta tu kitu cha kunitisha zaidi au cha kunituliza, na sikupata hata kimoja.

Nilitaka kumpigia mtu. Ningemwambia nini? Kwenye daftari la nesi mimi ni mwanamke mzima asiyeumwa na asiyetumia dawa.

Ganzi haikuwa imekutana na chochote. Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nimeweka sababu mbili za homa kwenye wiki moja, na mtu aliyeweza kunisaidia kuzitenganisha nikamficha mojawapo. Tena zile parasetamoli nilizomeza kutwa mara tatu huenda zilikuwa zimeifunika homa siku mbili nzima, ndiyo maana ilitokea pale zilipoisha. Hata siku ilipoanza sikuweza kuijua.

Asubuhi nilikwenda kwa daktari wa meno. Safari hii nilisema yote kabla hajauliza.

Nilichoelezwa

Alinipima malaria kwanza, kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Mstari mmoja. Hakuna.

Kisha akanifungua mdomo, akagonga meno ya jirani kwa kishikio cha kioo, akabonyeza ufizi, akaniambia nipanue taya. Lilipanuka. Akaniambia anachokitafuta: uvimbe unaokua badala ya kupungua, taya linalogoma kufunguka, mate yasiyomezeka, usaha, harufu. Na lile tatizo ambalo damu iliyoganda inatoka tundu likabaki mfupa mtupu. Hilo huja kati ya siku ya pili na ya tano, na maumivu yake hupanda hadi sikioni, ila mara nyingi halina homa kali.

"Tundu lako linapona," akasema. "Homa hii nadhani ni ya chanjo. Lakini nasema nadhani."

Nikamuuliza kuhusu ganzi na moyo. Hakucheka, na hilo nalimshukuru. Alisema ganzi ya jino inafanya kazi pale ilipochomwa na inaondoka mwilini kwa saa chache. Alhamisi ile haikuwepo tena. Amoksilini na Flagyl zinashughulika na bakteria, na chanjo ya homa ya manjano ni kirusi, haziigusi. Chanjo zinazoharibiwa na antibayotiki ni chache, zile zenyewe zikiwa bakteria hai, kama ile ya taifodi ya kumeza.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba zipo dawa ambazo daktari wa meno anaweza kukupa au kukukuta nazo na zikawa na uzito kweli mbele ya chanjo hai: vidonge vya steroidi kama prednisolone, vikitumiwa kwa dozi kubwa kwa wiki mbili au zaidi. Dozi moja ya kupunguza uvimbe si tatizo, lakini mtu aliye kwenye matibabu ya muda mrefu yanayoshusha kinga hapaswi kuchanjwa chanjo hai kabla ya kuzungumza na daktari wake.

"Kwa hiyo swali la dawa lina maana," akasema.

Swali la dawa. Lile nililolijibu kwa upole.

Jumanne homa ilishuka. Jumatano nilifua. Sitajua kamwe kwa uhakika ilikuwa ya nani.

Maneno ya mama yalitoka wapi

Nimemfikiria sana mama wa kitenge, na simlaumu. Ushauri wake si wa kuzusha kutoka hewani. Ukienda kuchangia damu unaulizwa kama umeng'oa jino karibuni, na unaweza kuambiwa urudi siku nyingine. Sababu ni kwamba jino likitoka, bakteria wa kinywani hupenya kwenye damu kwa muda mfupi. Wewe mwili wako unawamaliza, lakini mgonjwa atakayepewa damu hiyo asiwapokee. Nahisi sheria ile ya kutoa damu ndiyo iliyohama ikaenda kukaa kwenye chanjo, maana zote mbili ni sindano na zote mbili ni mkono.

Na ile miezi ya 2021 ilitufundisha vibaya. Chanjo ya Uviko ilipozinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai mwaka ule, kila nyumba ilikuwa na orodha yake: usile hiki, usichanjwe ukiwa na kile. Wengi tulijifunza kuogopa kukutana kwa vitu viwili mwilini bila kujua vinakutanaje.

Ila kuna mahali mama alikuwa sahihi, na ndipo paliponichukua muda kupaona.

Yule utingo hakuwa kama mimi. Shavu lilikuwa limevimba hadi machoni, jino bado lipo, pengine na homa juu yake. Mtu wa hivyo hata nesi angemwahirishia chanjo. Utaratibu ndivyo ulivyo: mafua madogo au kidonda kinachopona havizuii chanjo, lakini ugonjwa wa kati au mkali unaifanya isubiri hadi mtu apate nafuu. Si kwa sababu chanjo itaua. Ni kwa sababu hakuna atakayejua kesho yake homa imetoka wapi, na mwili unaopigana uachwe umalize vita vyake.

Kwa hiyo kwa mimi ushauri haukufaa, kwa kijana ulifaa nusu. Alipaswa kutolewa kwenye foleni, ndiyo, lakini kupelekwa kwa daktari wa meno siku ile ile. Yeye aliambiwa akapumzike.

Nami nilikuwa nimekaa pale, natoka kwa daktari wa meno juzi yake, najua mlango na najua njia. Sikumwambia neno. Nilikuwa nashughulika na kuficha bahasha.

Kama una nafasi

Watu wangu wa karibu niliowasimulia wameniuliza, basi tusubiri siku ngapi? Ninawajibu hivi, kama mtu aliyeuliza, si kama mtaalamu.

Jino lililotoka vizuri, huna homa, uvimbe unapungua: halikuzuii, waweza kuchanjwa hata wiki hiyo hiyo. Lakini kama tarehe zako zina nafasi, mimi ningeacha siku tano, wiki, jino litulie, dawa ziishe, ili homa ikija ijulikane ni ya nani. Au anza na chanjo, na jino liwekewe miadi baadaye, kama maumivu yanakuruhusu. Langu halikuniruhusu. Na kama una uvimbe, usaha au homa, anza na jino. Safari ihesabiwe upya.

Parasetamoli nayo isimezwe kabla ya chanjo eti kuizuia homa isije. Kuna utafiti wa watoto wachanga wa Jamhuri ya Czech, uliochapishwa mwaka 2009, ulioonyesha waliopewa parasetamoli ya kukinga homa walitengeneza kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo. Ukiwa unaimeza kwa maumivu ya jino usiikatize ukaumia, ila mwambie anayekuchanja. Yeye ndiye atakayekueleza utazame nini.

Nilirudi

Kasumbalesa ofisa aliishika kadi yangu, akaweka kidole kwenye tarehe, akahesabu midomo ikitembea, akanirudishia. Nilikaa upande wetu harusini. Nilicheza. Binti alinikumbatia akasema, "Mama mdogo, umekonda," nikamwambia ni safari.

Wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda kituoni, Alhamisi, nikakaa kwenye benchi lile hadi foleni ikaisha. Nesi alidhani nimepoteza kadi.

Nilimweleza. Jino, bahasha, benchi, homa, tochi ya simu. Alisikiliza ameshika kalamu.

"Tundu lilikuwa na usaha siku ile?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hapana."

"Ningekuchanja," akasema.

Nilimtazama.

"Ningekuchanja, dada. Ningeandika hapa pembeni jino na dawa, na ningekuambia homa ikipita siku mbili, au ukiona macho ya njano, au taya linagoma kufunguka, urudi mbio. Na ungekuwa na namba ya simu ya hapa."

Aligeuza kurasa za daftari hadi tarehe 5, akanionyesha mstari wangu. Jina, umri, vistari vinne vya hapana vimepangana. Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi ndogo pembeni: jino 3/6, amoksilini, Flagyl, homa 8/6. Akaniomba nisome kama ni sahihi.

Nikamuuliza kuhusu kijana wa shavu lililovimba. Alifikiri. Alisema siku ile hakumwona kabisa, maana hakufika mezani, na kwenye daftari hakuna mstari wake. Pengine alichanjwa Tunduma. Pengine lori lilimwacha.

Nimeuliza kwenye maegesho ya malori mara mbili. Sina jina lake, nina shavu tu la kuelezea, na kwa sasa, ninavyoomba, halipo tena.